Jina Nyuma ya Mreteni

Lowell Brockbank aliendesha gari saa tano nzima kwenda kumwona binti yake, na kila alipokaribia alitamani barabara irefuke. Tamsin alikuwa na wiki tisa katika jangwa lile la Utah, kwenye kambi ya kurekebisha vijana walioshindikana, akilala chini ya turubai na kula wali na maharage. Wiki ijayo angetimiza miaka kumi na minane, na hapo hakuna wa kumlazimisha tena. Leo, siku ya wazazi, angesema kama anarudi nyumbani kwa baba yake au anahamia kwa shangazi yake Idaho.

Alimkuta amekonda, pua imebabuka kwa jua. Hawakukumbatiana. Walikaa mchangani na Reva, mlezi wa kambi, msichana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Desturi ya pale, mtoto husoma kwa sauti barua aliyoandikiwa na mzazi wake. Tamsin akakunjua karatasi.

"'Asubuhi ile walipokuja kukuchukua, nilisimama mlangoni nikilia. Nilikuita, hukunisikia.'" Akainua macho. "Baba, ulisimama mlango gani?"

"Wa... wa mbele."

"Mimi nilitolewa kwa mlango wa mbele. Wanaume wawili, siwajui, mmoja kanishika kiunoni, na viatu sina. Nilikuita mpaka sauti ikanikauka."

Jamani, mtu mzima, mwalimu wa kwaya, anatafuta pa kuuweka uso wake! Maana aliyewafungulia wale wanaume wa kambi alikuwa yeye mwenyewe, alfajiri, kwa kunyata. Kisha akajifungia chumba cha kufulia na kuwasha mashine ya kukausha nguo. Ilizunguka tupu, ikinguruma, naye kaikumbatia.

"Naomba kwenda haja," alisema. Haja yenyewe hakuwa nayo.

"Nyuma ya mti ule wa mreteni, mzee," Reva alimwonyesha. "Ila sheria ni moja: unaita jina lako kwa sauti mpaka urudi. Ukinyamaza, tunajua umetoroka, tunakufuata."

"Hata mimi mgeni?"

"Hata askofu akija."

"Nenda tu, Baba," Tamsin alisema. "Mimi nimeharisha humu huku najiita. Nenda ukaonje."

Akaenda. "Lowell," alisema nyuma ya mti.

"Hatusikii!" Reva alipaza.

"Lowell! Lowell!"

Gari lake lilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na ufunguo anao mfukoni. Akalitazama. Akanyamaza.

"Baba!"

Alikuwa Tamsin. Sauti ni ile ile ya alfajiri ile, na safari hii hakukuwa na mashine ya kuizima. Akajishika kwenye gome la mti.

"Nilikuwa chumba cha kufulia!" alipiga kelele. "Mlango niliwafungulia mimi! Nikawasha mashine ya kukausha, ndani hamna hata soksi, ili nisikusikie! Na nilikusikia, mwanangu. Kila mara ulipoita, nilikusikia!"

Lowell aliona haya mpaka masikio yakamwaka, asijue atatokaje pale mbele ya mtoto aliyemzaa.

"Mashine niliisikia, Baba," Tamsin alisema taratibu. "Nilipopitishwa sebuleni niliisikia. Nilijua uko wapi tangu siku ile. Wiki tisa nimengoja useme."

Lowell akafunika uso kwa viganja.

"Nyumbani kwako sirudi," aliendelea. "Nitakwenda kwa shangazi. Ukitaka kuja, uje. Sasa toka huko, chakula kinapoa. Na usinyamaze mpaka ufike."

"Lowell," alisema akitoka nyuma ya mti, macho chini, sauti ikimkatika. "Lowell. Lowell."