Kifundo Kisicho na Mwenyewe

Katika nyumba ile kulikuwa na mwiko mmoja: ukishampa mtu kitu, usikifuate. Marehemu baba ndiye aliyeuweka, na watoto wake waliukuta kama walivyozikuta kuta na paa. Sufuria kubwa la mama, alilokwisha kumpa mtu, liliwahi kuonekana kwenye harusi ya jirani, kitako kimeungua na mshikio mmoja haupo. Mama akalipita kama asiyelijua, ila nyumbani siku hiyo hakuongea na mtu. Baba alikuwa akisema, "Ukimpa mtu maji ya kunywa, usimchungulie kooni."

Kwa maneno hayo wakalelewa watoto wawili. Mkubwa, binti, aliishia shule ya msingi, akakabidhiwa mashine ya kudarizi katika chumba cha kazi cha shangazi yake. Mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya kwa kuwa tangu utotoni mfuko wake haukukosa kipande cha waya, akasomeshwa na sindano ya dada yake mpaka akajua kuziamrisha kompyuta. Hakuna aliyenung'unika. Sindano ilimlisha, sindano ilimvisha, na alipomaliza masomo akaona vema naye aifanyie sindano hisani.

Akatunga programu. Unaipa picha, iwe ua, iwe nembo ya shule, iwe jina la bibi harusi, nayo inaigeuza kuwa mishono, kisha inaiambia mashine ianzie wapi, igeukie wapi, uzi iukate wapi. Programu za namna hiyo zilikuwepo, lakini za makampuni, zimefungwa kama mtungi wa gesi: utumie, usichungulie. Ya Waya ilikuwa huria, ndani kweupe. Ikaingia katika kompyuta kuukuu ya shangazi, ile yenye mstari wa kijani kwenye kioo tangu ilipoanguka, na ikaiendesha mashine kuukuu ambayo mafundi walishaisomea dua ya mwisho.

Kompyuta alizijua Waya, lakini kitambaa alikijua dada. Kazi ikiisha, Waya alivuta kigoda karibu na mashine na kuuliza.

"Hapa mbona umerudi nyuma?"

"Uzi ukiukata hapo hapo unafumuka. Unarudi nyuma kidogo, unakanyaga kando, unakanyaga tena pale pale, ndipo unakata. Kama mtu aliyefunga mlango halafu akaurudia kuusukuma, ahakikishe."

"Nani alikufundisha?"

"Nani wa kunifundisha? Masweta yaliyorudishwa."

Ilikuwa kweli. Alikaa na nguo zilizofumuka, akazigeuza upande wa ndani, akazitazama kwa subira ya paka mpaka akaona uzi unaponyokea wapi. Waya akakiingiza kitendo hicho katika programu, kila uzi unapoishia. Na kule ndani, mahali ambapo hufika wanaofungua tu, akakiandikia jina: kifundo cha dada.

Siku aliyotaka kuiachia programu mtandaoni, fundi simu wa chumba cha pili alikuja na kikombe chake cha chai, maana huyo bwana ubishi ulikuwa kitafunwa chake.

"Bure?" akauliza.

"Bure na wazi. Anayetaka aichukue, aifungue, airekebishe, ampe mwenzake."

"Hapo sina neno. Mimi mwenyewe nakula kwa vitu vya wendawazimu kama wewe. Lakini weka sharti, Waya. Leseni ziko za namna nyingi. Kuna inayosema: chukua, ila ukiibadilisha na kuwapa watu, iache wazi kama ulivyoikuta. Na kuna inayosema: chukua, fanya upendavyo, kwaheri. Weka ile ya kwanza."

"Sharti la nini? Kutoa kwa sharti si kutoa, ni kuazima."

"Ni kutia mlango bawaba, bwege wewe! Mtu asiubebe akaenda kuutia kwake."

"Kwetu ukitoa hufuati."

"Ndiyo maana kwenu hamna sufuria!"

Wakacheka wote, hata shangazi aliyekuwa akikunja mashati pembeni. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, na alipoupitisha akauliza, "Na mtu akiichukua akaifunga, sisi wenyewe tutaingilia wapi?"

Waya akamwekea mkono begani. "Dada yangu, hiki si chumba. Mtu akichukua nakala, yetu inabaki pale pale. Kitu cha kompyuta hakipungui kwa kuchukuliwa."

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililokuja kuuma zaidi.

Programu ikatembea. Watu wasiomjua wakamwandikia shukrani, wengine kwa lugha asizozijua. Mshonaji mmoja wa mbali akatuma picha ya mto wa kochi wenye ndege wawili, na dada akaikuza ile picha kwenye kioo chenye mstari wa kijani mpaka akaona mdomo wa ndege unapoishia. Kifundo kilikuwepo. Alitabasamu kutwa nzima bila kumwambia mtu kwa nini.

Kisha akaja wakala. Kampuni fulani ya mashine ilikuwa imemtuma apite kwa washonaji na maneno matamu: leta mashine ya zamani, ongeza kidogo, ondoka na mpya. Mpya ilikuwa na kioo kipana, haina kelele, haihitaji kompyuta pembeni. Shangazi alikuwa amechoka kuomba vipuri. Shule jirani ilishamwahidi kazi ya nembo za masweta, kazi ya kukiweka chumba hai mwaka mzima, na ile mashine kuukuu ilikuwa ikikohoa. Akakubali.

"Hii ya zamani mnaipeleka wapi?" dada akauliza.

"Tunaipumzisha, dada. Imefanya kazi sana."

Aliisindikiza mpaka kwenye gari. Pale nyuma ya gari mpakiaji akafungua kifuniko cha pembeni, akachomoa bodi yake, kile kibao cha saketi kinachoiendesha, akaiweka chini na kuipiga nyundo, mara moja, katikati.

"Mbona mnaivunja? Ilikuwa inafanya kazi!"

"Ndiyo maana," mpakiaji akasema, tena kwa upole. "Ikibaki nzima kuna mtu ataifufua. Tumeagizwa."

Waya alipoambiwa hakushtuka. "Mashine ni chuma tu. Programu yetu ninayo."

Siku ya kwanza mashine mpya ilidarizi ua dogo la majaribio. Dada alisimama mikono nyuma, akiitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi jikoni. Petali ya mwisho ilipokamilika, sindano ikarudi nyuma kidogo, ikakanyaga kando, ikakanyaga tena pale pale, ndipo ikakata.

Aliizima. Akaiwasha. Akaiagiza ua lile lile. Ikarudi nyuma, ikakanyaga kando.

"Shangazi," akasema taratibu, "huyu ni mimi."

Waya akaitwa. Akadarizisha duara dogo, kwa sababu programu yake ilikuwa na kasoro aliyokuwa hajapata wasaa wa kuirekebisha: kwenye duara dogo iliacha mwanya upande wa kulia, kama jino lililong'oka. Mwanya ukatokea. Upande wa kulia.

"Hata kasoro yetu wameibeba," akasema, na uso wake ukawa na kitu kinachofanana na fahari. "Basi imefika mbali, dada!"

"Imefika mbali," dada akaitikia. "Na imerudi imefungwa."

Mwanzoni mashine ilikubali uzi wowote. Nembo za shule zikaanza, masweta ya bluu yakapangwa mpaka karibu na dari. Asubuhi moja dada akaiwasha, ikakaa kidogo ikijisasisha kupitia mtandao bila kuulizwa, kisha ikaandika kwenye kioo kile kipana: *Uzi huu haujatambuliwa.* Ulikuwa uzi ule ule wa jana, koni ile ile. Akabadilisha koni. *Uzi huu haujatambuliwa.* Akapekua mfuko wa plastiki uliokuja na mashine, akapata koni moja ya kampuni, na kwenye kitako chake akaona kichipu kidogo kama punje ya mchele. Kwa koni hiyo mashine ilinguruma kwa furaha. Lakini koni moja haimalizi nembo za shule, na nyuzi za kampuni kwa bei yake zingeimeza kazi nzima, mfupa na mchuzi.

"Niachieni," Waya akasema. "Ndani ni kwangu pale."

Akafungua kifuniko cha pembeni, akaunganisha kompyuta yake, akajaribu kuitoa programu ya kampuni na kuiweka ile aliyoitunga mwenyewe, ambayo ndiyo ile ile. Alihangaika mpaka shati likamganda mgongoni. Dada alishika tochi, akimulika anapoambiwa. Ghafla kioo kikageuka chekundu. *Mashine imezuiwa. Wasiliana na wakala.* Kuanzia hapo hata ile koni ya kampuni haikufua dafu.

Wakala alikuja, si mtu mbaya. Alijifuta viatu mlangoni, akamsalimu shangazi kwa heshima, akaomba maji. Dada akamletea.

"Mwanangu," shangazi akaanza, "hii mashine nimeinunua au nimeiazima?"

"Umeinunua, mama. Chuma ni chako kabisa. Ila programu iliyomo umeruhusiwa kuitumia tu, na ruhusa ina masharti. Mkifungua, ruhusa imekwisha. Mlibonyeza kukubali siku ya kwanza."

"Nilibonyeza ili iwake!"

"Ndivyo wote wanavyobonyeza, mama."

Waya akasimama. "Hiyo programu nimeiandika mimi. Kwa mikono yangu. Nikuonyeshe?"

"Sina haja, kaka, nakuamini. Jina lako limo, kule mwisho kabisa, kwa maandishi madogo." Wakala akamtazama bila kejeli. "Uliiwekea sharti?"

Fundi simu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akatazama chini.

"Sikuweka," Waya akasema.

"Basi hakuna aliyekuibia. Ulitoa, tukapokea. Wewe ni muungwana."

"Na kifundo?" Ilikuwa sauti ya dada. Wote wakageuka, maana hakuwa na desturi ya kuingilia. "Pale uzi unapoishia. Kile ni changu. Nilikitafuta mwenyewe kwenye nguo zilizofumuka."

Wakala akacheka, cheko dogo la kirafiki. "Dada yangu, kifundo nacho kina mwenyewe?"

Akainua bilauri, akanywa. Na dada, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamtazama mtu kooni. Akayatazama maji yakishuka, funda kwa funda, mpaka yakaisha. Hakuona haya.

Faini aliyoitaja wakala ili mashine ifunguliwe ilikuwa mbali na uwezo wao. Ile kuukuu ilikuwa na tundu la nyundo katikati ya bodi, na fundi simu aliyezunguka kwa mafundi wote kutafuta mashine nyingine ya zamani akarudi mikono mitupu: wakala alishapita kote. Programu ya Waya ilikuwepo, nzima, haijapungua hata herufi, kwenye kompyuta yenye mstari wa kijani. Ilikaa pale kama nahodha aliyebaki na kofia bila chombo.

Shule iliyachukua masweta yake ikayapeleka kwingine. Chumba cha shangazi kikawa cha kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Ile mashine ya kioo kipana ikafunikwa shuka, ikawa mahali pa kuwekea pasi.

Wiki zikapita, Waya akaja akiwa na shati jipya mkononi na nembo ya kitambaa imewekwa juu yake, haijashonwa. Dada aliijua nembo ile kabla hajaishika. Ilikuwa ya ile kampuni.

"Wameniajiri," akasema, akiangalia pasi.

"Kufanya nini?"

"Ile sehemu ya kutambua uzi. Kuna watu wanaibandua chipu, wanaihamishia kwenye koni nyingine. Wanataka mtu wa kulizuia hilo."

"Kufuli."

"Dada, usiseme hivyo. Nikiwa ndani huenda nikabadilisha mambo. Na shangazi ale nini? Wewe ule nini? Niliwapa bure, wakawa matajiri. Nikisusa, nani ataumia?"

 Kila neno lilikuwa sawa, kama yale ya siku ile ya leseni. Ndugu yake alikuwa na kipaji cha kuwa sahihi.

"Waligawa mashati bila kushona nembo," Waya akaendelea kwa sauti ndogo. "Nikasema, nani atanishonea zaidi ya dada?"

Dada akalipokea shati. Akachagua uzi unaolingana, akakaa karibu na dirisha, akashona kwa mkono, mshono baada ya mshono, sawasawa kama anavyoshona kila kitu. Waya alizungumza habari za ofisi, viti vinavyozunguka, chai isiyokatizwa. Sindano ilizunguka pembe ya kwanza, ya pili, ikakaribia ilikoanzia.

Pale mwisho mkono wake ulitaka kurudi nyuma. Ulikuwa umezoea. Akauzuia, akachukua mkasi, akakata uzi hapo hapo.

Waya akalivaa shati. Akajitazama kwenye kioo cheusi cha mashine, pale shuka lilipojikunja, akaisawazisha nembo kifuani. Yeye aliyekiandika kifundo kile kwa herufi zake, hakugeuza shati kutazama upande wa ndani.

"Ahsante, dada. Mungu akuweke."

"Vaa kwa heri."

Akatoka. Dada akaichomeka sindano kwenye kipande chake cha sifongo, akavuta suruali nyingine iliyokuwa ikisubiri zipu. Hakumfuata hata kwa macho.