Madame Amelala Chali

Chancelvie alikwenda kwa Zakari kununua samaki. Mtaa mzima wa Makomeno ulijua, maana alikuwa ameshatangaza mwenyewe: chumba chake cha kusukia nywele kitakuwa na samaki wekundu ndani ya kioo, wateja wapate cha kutazama wakati wanavutwa vichwa. Akarudi na buibui.

Tena si yule buibui wa pembe ya dari anayekimbia ukishika ufagio. Huyu alikuwa tarantula, mygale kama wanavyosema watu wa Lubumbashi kwa Kifaransa chao, mpana kama kiganja cha mtoto, mweusi, na magoti yake yana rangi ya machungwa kana kwamba amevalishwa soksi za sherehe.

Zakari ni fundi wa vioo, kama baba yake na babu yake waliotoka Maniema. Hukata vioo vya madirisha, huunda matangi ya samaki, na nyuma ya karakana huuza samaki wenyewe pamoja na kasuku mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumnunua kwa sababu ya matusi yake. Chancelvie aliona tangi moja halina maji.

"Hii, samaki yake balikufwa?"

"Angalia muzuri, mama. Pale pembeni ya chungu."

Akaangalia. Buibui akanyanyua mguu mmoja, polepole, kama mtu anayejaribu maji kabla ya kuoga. Akaushusha. Basi, ndiyo ilikuwa shughuli yake yote ya asubuhi. Chancelvie, ambaye kwake haipiti dakika bila mtu kucheka, kulia au kumsema jirani, alisimama pale mpaka miguu ikamuuma. Hofu aliyoitegemea haikuja. Kilichomjia ni hamu ya kumwona akinyanyua na mguu wa pili.

"Namutaka huyu."

"Weye ulisema samaki."

"Samaki banakimbiakimbia. Kelele iko ya kutosha kwangu."

Zakari alifurahi, lakini hakukimbilia bei. Alimweleza kwanza kwamba huyu jike hakuokotwa porini. Alizaliwa ndani ya kisanduku, kwa mfugaji mmoja wa upande wa Zambia, akaingizwa kwa mpaka wa Mokambo akiwa mdogo kama ukucha. Wale wa porini wana mbio na hasira. Huyu ni mpole, ndiye anayemfaa mtu anayeanza. Chancelvie aliponyoosha kidole kwenye tangi refu lenye taa za rangi, fundi akatikisa kichwa.

"Ile urefu itamuua. Huyu iko wa kuikala chini. Akipanda na kuanguka, tumbo inapasuka sawa tomate."

Akampa tangi fupi na pana, lenye kifuniko cha matundu madogo na kitasa. Akalijaza udongo safi usiopitiwa na mbolea wala dawa, wa kutosha kuchimba. Akaweka nusu ya chungu kilichovunjika iwe nyumba ndani ya nyumba, na kifuniko cha chupa kwa maji. Usimweke juani, alisema, wala karibu na mbabula, lile jiko la makaa, moshi wake si mzuri kwake. Usimshike mkononi. Akiudhika atajikwangua mgongo na kukurushia manyoya, nawe utajikuna wiki nzima. Nyenje mmoja kwa wiki anamtosha.

"Na siku moja atalala chali. Pale usilie, usimuguse, tena utoe..."

"Zakari," alimkatiza, keshaubeba mkoba wake, "miye nililea batoto ya dada yangu bote, beko bazima. Buibui njo atanishinda?"

Mteja wa kwanza kumwona alikuwa Annie, jirani wa ukuta kwa ukuta, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama jogoo aliyelowa. Alitoka mbio na nusu yake hiyo mpaka barabarani. Ndivyo habari ilivyotembea: watu waliona kwanza kichwa cha Annie, wakauliza, wakajibiwa. Kabla ya jua kushuka, mtaa ulikuwa umeshakubaliana. Chancelvie hapati wateja bure. Yule dudu ndiye anayemletea. Wengine wakaongeza kwamba anamlisha nywele.

Chancelvie alizisikia zote, na kusema kweli alizifurahia kidogo, maana uvumi mzuri ni uvumi mzuri hata ukiwa ni wako. Lakini tantine Adolphine hakuzifurahia. Huyu ni dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea, mwimbishaji wa kwaya, mama ambaye ukoo wote hauolewi wala hauzikwi bila yeye kusema ndiyo. Alikuja na kitambaa cha kanisani kichwani ingawa haikuwa Jumapili, akasimama mlangoni, hakuvuka.

"Chancelvie, nasikia unafuga kitu."

"Ingia umuone, tantine."

"Siingie. Nakuuliza. Kama iko kitu ya kawaida, bantu bataiona. Kama iko kitu ya kufichwa, miye mguu yangu hapa umeisha, na ya ukoo wote nyuma yangu."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa tishio tu. Kwa Chancelvie lilikuwa ni kuzimiwa taa. Nyumba yake isipokuwa na watu, yeye hajui hata aweke mikono wapi.

"Tantine, kitu ya kufichwa, mulango inafungwaka. Mulango yangu uliona imefungwa siku gani?"

Adolphine akafikiri. Kweli, hakuwahi kuuona umefungwa.

"Basi ibakie vile," akasema. "Siku nitaikuta imefungwa, nitajua."

Chancelvie akaliweka tangi juu ya meza, mkabala na mlango, pasipofikiwa na jua, kila apitaye amwone. Dawa yake ya uvumi ilikuwa hiyo: waje waone mpaka wachoke. Wakaja. Wakaja wenye nywele za kusuka na wasio na nywele kabisa. Walimwita Madame, kwa jinsi alivyokaa mbele ya chungu chake bila kumsalimia mtu. "Jambo Madame," walisema wakiingia, halafu wanamgeukia mwenye nyumba.

Lakini watu wa pale hawaendi kuangalia kitu cha mtu mikono mitupu. Ukienda kuona mtoto mchanga unabeba sabuni, ukienda kuona mgonjwa unabeba machungwa. Kwa Madame, walibeba nyenje. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, nyenje wamejaa kila ua, na mwenye kumkamata mnene alijiona amefanya jambo. Annie, aliyeacha woga mapema kuliko wote, alileta wawili ndani ya kikopo cha nyanya. Na Chancelvie, aliyeambiwa mmoja kwa wiki, angemrudishia nani zawadi yake? Kumkatalia mgeni ni kumtukana. Alifungua kifuniko, akatumbukiza mbele ya macho ya mleta, akasema, "Madame anakuambia aksanti mingi." Mgeni akakaa kwa raha.

Madame hakusema aksanti. Aliacha kula. Tumbo lake likazidi weusi, likang'aa, akawa anakaa bila kujongea, na nyenje wakamzunguka wakiimba kama wapangaji wanaojua mwenye nyumba ni mgonjwa.

"Ameshiba," alisema Chancelvie. Alisema kwa uhakika wote.

Jumamosi moja mchana, chumba kimejaa, watu wawili kwenye viti vya kusukwa na wengine hata sakafuni, Annie alipiga ukelele.

"Madame amekufwa!"

Alikuwa amelala chali, miguu yote juu.

Ghafla kukawa na msiba. Wengine walilia kwa mzaha, lakini mzaha wenye machozi kidogo. Mmoja aliuliza kama matanga yatafanyika hapa au kwa Zakari. Annie alichomoa kichana chenye mkia mrefu kwenye nywele za mteja.

"Tumugeuze, kwanza. Muntu halazwe vile."

Kilikuwa kimeshaingia nusu kwenye tangi pale Chancelvie alipoyakumbuka maneno aliyoyakatiza. Siku moja atalala chali. Akamshika Annie mkono.

"Acha! Usimuguse!" Na kwa mkono wa pili akampigia fundi simu.

"Iko chali?" alisema Zakari, wala hakushtuka. "Muzuri sana. Anavua ngozi, anakomaa. Anaweza kulala vile mpaka jioni. Ulitoa nyenje?"

"Nyenje gani?"

"Mama, nilikuambia. Hapana, uliniacha nikisema. Sasa yee iko laini sawa mukate mu chai, hawezi hata kujikinga. Nyenje batamukula muzima muzima. Iko ngapi?"

Chancelvie alitazama. Hakuhesabu. Mmoja alikuwa tayari amepanda juu ya mguu wa Madame, anapapasa kwa masharubu yake.

"Bengi," alisema.

"Toa bote, na kibano, polepole, usitikise. Kisha ufunge chumba. Giza, kimya, hakuna bantu. Akishituka katikati ya ngozi, haponi."

Alikata simu, akainua macho. Mlangoni, na kitambaa chake kichwani, alisimama tantine Adolphine.

Mbele ya Chancelvie walikaa walioleta zawadi, kila mmoja anamjua nyenje wake kwa sura. Kwenye kizingiti alisimama mtu aliyesema: siku nitaikuta mlango imefungwa, nitajua. Na kwenye tangi, yule kiumbe asiye na neno alikuwa anapapaswa na chakula chake. Chancelvie alipumua mara moja tu. Huyu ni mwanamke aliyeamua ugomvi wa wake wenza huku anasuka, bila kuangusha uzi.

"Sikieni! Madame hakufwa. Anavua ngozi yake, anavaa ingine. Bote tutoke inje. Viti, mbabula, vichana, tutasukia ku uwanja. Mulango nitaufunga."

Annie akatazama tantine. Kila mtu akatazama tantine.

"Unaona," alisema Adolphine taratibu. "Nilisema."

"Ulisema, tantine. Njo maana nataka weye ubakie ndani."

"Miye?"

"Weye. Mulango ikifungwa na miye ndani, bantu batasema. Ikifungwa bila muntu ndani, batasema zaidi. Ikifungwa na weye ndani, nani atasema nini?" Akafungua droo, akatoa kibano kirefu cha kushikia rasta, akamwekea kiganjani. "Toa nyenje bote. Miye mukono yangu unatetema leo. Wako inajua kazi ndogo, nilikuona ukitoa miiba mu miguu ya batoto."

Mkono wake haukuwa unatetemeka hata kidogo. Lakini tantine alikitazama kile kibano, akautazama umati, na akaona kwamba kukataa kungekuwa ni kuogopa, na yeye haogopi kitu.

"Leta kikopo," alisema. "Na mufunge domo zenu."

Mlango wa Chancelvie ukafungwa mchana, kwa mara ya kwanza tangu apange pale.

Nje, uwanjani, watu walisukwa kwa kunong'ona, jambo ambalo lilimtesa Chancelvie kuliko njaa. Mtu akicheka, wengine wanamfinya. Mpita njia mmoja aliuliza nani amefiwa. Kikopo kilipitishwa dirishani kimejaa, kisha pazia likavutwa. Baada ya hapo, hakuna kilichoonekana. Mara tantine akasikika akisema neno, mara kimya. Annie aliapa kwamba anasali. Mwingine alisema hapana, anaimba, tena wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Tupa ile maududu," alisema Annie, anakionyesha kikopo.

"Nitupe?" Chancelvie alishtuka kweli. "Zawadi ya bantu?"

Akaweka kikaango juu ya mbabula, akawanyofoa mabawa, akatia chumvi, pilipili. Harufu ilipopanda, waliosema hawali nyenje waliolala na buibui walisogeza viti. Kila mgeni akala alichokileta au alichokileta mwenzake. Annie alikula kuliko wote, akalalamika kwamba wake walikuwa wanene zaidi.

Jua lilikuwa limeegemea ukuta wa jirani wakati mlango ulipofunguliwa, tundu dogo tu, la kutosha sura ya Adolphine. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, kijasho puani, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyetoka harusini.

"Ametoka," alinong'ona. "Kila mguu, moja moja, sawa muntu anavua soksi yenye maji. Mpaka meno! Ile ya zamani imebakia pale, nzima, unaweza kusema beko babili." Akakumbuka hadhi yake, akanyoosha kitambaa. "Iko kitu ya kawaida. Kitu ya Mungu. Nimeiona na macho yangu."

Watu walisimama wote kwa pamoja. Tantine akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Munakwenda wapi? Yee iko mweupe, laini, amechoka. Ulikwendaka kuona mwenye kuzaa saa ile ile? Mukae chini!"

Wakakaa. Chancelvie mwenyewe alikaa.

Adolphine alilala pale siku zile, "juu ya kusaidia tu," alisema. Annie alipotokea na kikopo kingine, alirudishwa kutoka kizingitini. "Meno yake bado laini, hatakula mpaka niseme. Unataka kumuua? Kula mwenyewe." Na jambo ambalo Chancelvie hangethubutu kulifanya, kumkatalia mgeni zawadi, tantine alilifanya mbele ya watu, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu lilitoka kwake.

Baadaye Chancelvie alikuwa kwenye soko la Kenia, mle mle Lubumbashi, akichagua rasta. Nyuma yake wanawake wawili asiowajua walikuwa wanaongea. Kuko nyumba Makomeno, alisema mmoja, buibui wake iko mukubwa sawa kuku, anavuaka nguo, na mama mumoja wa kwaya anamushikia pagne ya kitenge.

Chancelvie akageuka, uso umejaa mshangao.

"Ee, mama! Nyumba ya nani ile?"

Wakamsimulia yote tangu mwanzo, na yeye akasimama akisikiliza, anaguna panapostahili. Hakuwasahihisha hata neno. Wakati wa kuondoka tu ndipo alipowaambia kwamba milango ya nyumba ile iko wazi, waende waone, ila nyenje wasibebe. Wabebe sukari.