Ngeli ya Mashine

Mhariri alipoolewa na mpima ardhi aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano, ukoo wa mume uliipokea ndoa hiyo kama watu wanavyompokea mgeni mwenye sanduku dogo: kwa heshima zote, na kwa hakika kwamba hatakaa. Mama mkwe alimkirimu bila kumzoea. Wifi yake, mfamasia asiyemung'unya maneno, alisema waziwazi kwamba damu changa hutafuta damu changa, na kwamba siku hiyo ikifika, yeye hatashangaa. Mhariri aliamini kuwa ukoo ni kama mswada mbaya: haunyooki kwa kelele, hunyooka kwa subira.

Kisha mpima ardhi akastaafu. Hakuililia ofisi wala cheo. Alichokosa ni kikombe kidogo cha espreso alichokuwa akinywa kila asubuhi katika mkahawa uliokuwa chini ya ofisi yao. Nyumbani alipewa kahawa ya kopo. Aliikoroga muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu humo ndani, akashukuru, na akaiacha ipoe. Daktari hakumkataza kahawa; presha yake ilikuwa ya kushuka, si ya kupanda.

Mhariri aliamua kumnunulia mashine ya espreso kwa siri. Mpya zilikuwa na bei za kumtia mtu kizunguzungu, basi akatafuta zilizotumika. Zilibaki mbili. Alimwonyesha picha mchoraji, mwenzake katika kampuni ya vitabu vya shule.

"Huyu wa chuma ni mzee," mchoraji alisema. "Mwone alivyokunja uso. Na huyu wa fedha ni kijana, kavaa kwenda harusini. Bibie, chagua mume."

Walicheka hadi meneja akachungulia. Tangu hapo, mashine moja ikawa Mzee na ya pili ikawa Kijana. Mhariri alikuwa amekula miaka akifuta kwa wino mwekundu sentensi za aina ya "mashine anafanya kazi", na kuandika pembeni kwamba mashine si mtu, ina ngeli yake. Lakini utani mtamu haujui ngeli. Kufikia siku ya kwenda kuzikagua, hata kichwani mwake hakuwa tena na "ile". Alikuwa na "yule".

Mzee alikuwa kwa mwalimu wa muziki, katika chumba kilichojaa piano. Alikuwa mzito, mwenye mkono mrefu wa kuvuta na saa ndogo ya kupimia presha. Mwalimu alimwasha. Mzee akanguruma, akatoa mvuke, mshale ukapanda kwa fahari. Ukasimama. Kisha ukarudi chini taratibu, na kahawa ikadondoka tone moja moja, kama pua yenye mafua.

"Presha imeshuka," mwalimu alikiri. "Mpira wa ndani umechoka. Ukibadilishwa, atakuzika huyu."

"Na mpira unapatikana?"

"Kutafuta si kupata, mama. Lakini watu hutafuta."

Kijana alikuwa kwa karani wa benki aliyekuwa akihama na mkewe. Alikuwa maridadi, mwenye vitufe vinavyowaka. Kitufe kimoja kikabonyezwa, na papo hapo kikombe kikajaa kahawa nyeusi yenye povu la rangi ya asali. Mhariri alionja, akafunga macho, akalipa.

Akiwa garini, alimwandikia mchoraji: "Nimeamua. Nimemwacha Mzee. Presha yake imeshuka kabisa, na mimi sina nguvu za kuuguza. Nimemchukua Kijana, naye ni wa moto kwelikweli. Asijue mtu hadi nifike naye nyumbani."

Aliusoma ujumbe mara mbili kama ilivyokuwa desturi yake. Kila mkato ulikuwa mahali pake. Akautuma, akaitupa simu mkobani, akaondoka. Ujumbe haukuwa na kosa hata moja, isipokuwa kwamba ulikwenda kwenye kundi la simu la ukoo wa mumewe.

Alipofungua mlango wa sebule, alimkuta mama mkwe kwenye kochi, wifi amesimama dirishani, na mumewe katika kiti chake, amevaa shati lililopigwa pasi. Shikamoo yake ilijibiwa kwa kichwa tu.

"Yuko wapi huyo kijana?" wifi aliuliza.

Mhariri alijua ni mchoraji tu! Mdomo wake hauna kifuniko.

"Nani kawaambia? Nilitaka iwe siri!"

"Siri!" Wifi alipiga makofi ya mshangao. "Mama, umemsikia?"

"Basi, imeshavuja. Yuko kwenye gari. Nilishindwa kumbeba peke yangu."

"Kalewa?" mama mkwe aliuliza.

"Kalewa vipi, mama? Ni mzito tu. Lakini hana hata mkwaruzo. Wenyewe wamekaa naye mwaka mmoja, sasa wanahama, hawawezi kwenda naye."

"Toba!" mama mkwe alishika kifua. "Ana wenyewe!"

"Wifi yangu," mfamasia alisema, akijitahidi kutulia, "unamleta humu, mbele ya kaka yangu?"

"Si nimemleta kwa ajili yake?"

Mpima ardhi alikohoa. Aliwatazama mama yake na dada yake, mmoja baada ya mwingine.

"Nimewaambia tangu mlipofika," alisema. "Hapa kuna kitu hatujakielewa. Mke wangu akitaka kuniacha hataandika mistari minne. Ataandika barua yenye utangulizi, aya na hitimisho. Hebu nipe funguo za gari, mke wangu."

Alitoka, akarudi amelikumbatia boksi. Alilitua mezani, akalifungua. Kijana akang'aa katikati ya sebule.

Wifi alitoa simu, akamsogezea mhariri. Mhariri aliusoma ujumbe wake kwa jicho la mtu mwingine, kwa mara ya kwanza. Alitamani kalamu nyekundu, na alitamani ardhi ipasuke.

"Mashine," mama mkwe alisema. "Tangu lini mashine ikawa mtu?"

"Ni kosa langu, mama. La sarufi."

"Sarufi imenipandisha ngazi zote hizi na magoti yangu!"

Walicheka, wifi kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa ushahidi. Wakanywa kahawa. Mama mkwe alikunja uso, akasema ni chungu, akaomba kikombe cha pili. Alipoaga alimwita mhariri "mwanangu", neno ambalo hakuwahi kulitumia, na wifi akajifanya hakulisikia.

Walipobaki wawili, mhariri alivikusanya vikombe.

"Ahsante," alisema. "Wewe peke yako hukuamini."

Mpima ardhi aliifuta mashine kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mbele yao, sikuamini."

"Na kabla hawajafika?"

Macho ya mpima ardhi yalielekea mlango wa chumbani. Mhariri aliviacha vikombe, akaenda chumbani, akafungua kabati. Nguo zake mwenyewe zilikuwa zimetolewa zote, zimekunjwa kwa vipimo vya mpima ardhi, pembe kwa pembe, juu ya kitanda. Viatu vilikuwa vimefungwa magazetini viwili viwili, na makoti yalikuwa juu kabisa, yasikunjike njiani.

"Sikutaka upate taabu ya kufungasha," alisema mumewe mlangoni. "Ungefanya haraka, ungesahau kitu."

Mhariri alizitazama nguo zile. Alikuwa na sentensi kadhaa tayari, zote sahihi, akaziacha. Alichukua magauni mawili akayatundika upande wa mumewe, katikati ya mashati yake. Kisha akatundika mengine popote palipokuwa na nafasi, bila mpangilio wowote, mpaka mlango wa kabati ukakataa kufungika.

Mpima ardhi, mtu wa mistari iliyonyooka, aliutazama mlango ule. Kisha akauegemea kwa bega, ukafungika.