Mlingoti wa Dishon

Siku ya soko, behewa la daraja la tatu la gari la Taveta lilijaa kabla gari halijasimama sawasawa. Ndizi za Mboghoni ziliingia kwa madirisha, kuku wakaingia kwa mlango, na wenye kuku wakaingia popote. Khalayi alimtanguliza mumewe, Dishon, akimshika kiuno, na watu wakainamisha vichwa ili mlingoti upite.

Mlingoti ulikuwa umeota mgongoni mwa Dishon, katikati ya mabega, kama unavyoota kwenye mkonge uliokomaa. Ulianza kwa kumwasha, ukawa kinundu, na kufikia wiki hiyo ulikuwa umempita kichwa kwa urefu wa mtu mzima. Mkamburi, mama wa Kaloleni aliyekuwa akipeleka ndizi Voi, alilitazama dari, akautazama mlingoti, kisha akafungua dirisha.

"Mgeuze upande, mama," alimwambia Khalayi. "Hiyo itoke nje, nasi tukae."

Basi Dishon akaketi kiubavu, nusu yake ndani, mlingoti wake ukipigwa na upepo wa nyika. Ndambuki, gadi wa gari, alizitazama tikiti zao akazirudisha.

"Mzee, tukikaribia daraja utavuta ndani kidogo," alisema. "Ingine ilivunjika hapo mwezi uliopita."

Dishon alikuwa amekuja kutoka Bungoma kukata mkonge Mzungu bado anatawala, na Uhuru ulipokuja ulimkuta kwenye mstari uleule. Kila mkata mkonge anajua kwamba mmea hutoa mlingoti mara moja tu, na ukishautoa, kazi yake imekwisha. Nyapara alipouona ukichomoza alikwenda ofisini, meneja akaja akampa Dishon mkono, akamwambia kwamba nyumba ya kampuni itahitajika kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemkaripia. Jirani yao Jeconia alichanua mwaka uliotangulia, naye hakuliwahi gari. Walimzika nyuma ya kamba za kuanikia nyuzi, na masika yalipofika wakapanda mkonge juu yake, kwa mistari iliyonyooka.

Hilo ndilo Dishon alilolikimbia. Alitaka afike kwao akiwa hai, ajenge nyumba. Miaka yote alikuwa akisema mwakani, na mwakani haikosi mwenzake. Kwao mwanamume asiye na nyumba hazikwi uani. Hulazwa nyuma ya migomba, kama mpita njia aliyefia hapo kwa bahati mbaya.

"Hata ya udongo," alimwambia mkewe. "Ya mlango mmoja tu."

"Itajengwa, Baba Lois," alijibu Khalayi, akimshikia kikombe cha chai. Lakini asubuhi alikuwa amemvalisha viatu, akaiona miguu yake ilivyokauka na kugeuka manjano, na moyo ulikuwa ukimuuma tangu saa hiyo.

Walipopita Maktau mlingoti ukachanua. Nyuki waliingia behewani, wakazunguka, wakatoka. Kufikia Bura maua yalikuwa yamepukutika, na vichipukizi vikaanza kudondoka, vidogo, vya kijani kibichi, kila kimoja na vijani vyake. Upepo uliviingiza ndani kwa madirisha ya nyuma. Watu walivitoa kwenye nywele na kwenye vikapu vya mayai. Mkamburi aliokota vichache akavifunga kwenye pindo la leso.

"Mama Lois, nikipanda hivi mpakani kwa shamba langu utakasirika?"

"Panda tu," alisema Khalayi. "Angalau atakuwa amepata shamba."

Wanawake walicheka kidogo.

Voi ilikuwa imeshaanza kuonekana Dishon alipomwegemea mkewe, akasema anasikia usingizi. Khalayi akamwambia asinzie, wako karibu kufika. Alipomtazama tena, mikono na miguu ilikuwa imejikunja ikaingia ndani, na kilichobaki katika shati lake kilikuwa mlingoti, mkavu, mwepesi. Khalayi alilia kwa sauti wala hakujizuia. Behewa zima likajisogeza kumwachia nafasi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika gari la Taveta, na Mkamburi akamshika mkono mpaka gari likasimama.

Waliutoa dirishani, Mkamburi ndani na Khalayi chini. Karani wa mizigo alikuja na kalamu sikioni.

"Huyu ni maiti ama ni mti?"

"Ni mume wangu."

"Basi utatafuta sanduku, na barua ya daktari, na barua ya chifu, halafu ungoje. Kama ni mti, utaenda na gari la jioni, pamoja na mizigo ingine." Hakusema kwa ubaya. Wengi wa mashamba ya mkonge walikuwa wamepitia kwake hivyohivyo.

Khalayi hakuwa na sanduku, na hapakuwa na daktari aliyemjua. Alifungua vifungo vya shati taratibu, akalivua, akalikunja, akalitia kifuani.

"Ni mti," alisema.

"Wa kazi gani?"

"Wa kujengea nyumba."

Karani akafunga kikaratasi katikati ya mlingoti, akaandika Bungoma.

Upande wa pili wa jukwaa walikuwapo vijana wa kwao, walioshuka alfajiri kutoka Bungoma, wakingoja gari hilohilo la Taveta ligeuke liwapeleke kwenye shamba la mkonge. Walimsalimu Khalayi kwa lugha ya nyumbani, wakampa pole. Waliuona mlingoti na hawakuuliza ni nini. Mmoja wao, aliyekuwa na shati jipya, aliuliza kama huko kuna nyumba, maana ana mke atakayemfuata.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema Khalayi.

"Nirudi nikale nini, mama?"

Khalayi alilisukuma shati ndani zaidi kifuani.

"Kuna moja, ya tatu kutoka kisimani," alisema hatimaye. "Iko wazi tangu asubuhi. Mlango wake umevimba kwa chini. Ukitaka kufunga, uinue kwanza."

Kijana alimshukuru, akainama kuchukua furushi lake, na Khalayi akamtazama mgongo mpaka alipoingia behewani.