Betri Isiyoingia

Cheptoo, muuzaji wa duka, alijaribu tena, akaigeuza betri, akaisukuma kwenye drili kwa kiganja. Haikuingia.

"Ni kampuni moja, nguvu moja," akamwambia fundi Ngige, "lakini wamebadilisha mdomo. Hii drili yako ni ya zamani."

Ya zamani! Ngige aliinunua katika duka hilo hilo, hapa Kitale, mwaka 2005, na huu ulikuwa Agosti 2006. Drili yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni betri. Rafuni zilijaa betri za kampuni nyingine, kila moja na mdomo wake, kana kwamba wenye kampuni wameapa kutosalimiana. Cheptoo akamshauri anunue drili mpya. Ngige akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia, maana uwezo huo hakuwa nao.

Nje ya Sirisia kulikuwa na nyumba inayomngoja. Mukhisa, kijana wa akina Wabwile, alifariki kabla hajajenga, na kwao mwanamume mzima halazwi nyumbani kwa baba yake. Lazima alale kwanza chini ya paa lake mwenyewe, ndipo azikwe. Kwa kuwa mbao zilikuwa adimu tangu misitu ifungwe, Ngige alichomelea fremu ya chuma, akaipeleka na kuisimamisha, akaanza kufunga mabati kwa skrubu. Betri ikamfia paa likiwa nusu, na stima kijiji kile wanaisikia tu. Mwili ungetoka mochari ya Bungoma alasiri hiyo.

Cheptoo akamnong'oneza kwamba wakala wa kampuni, kule Bungoma, bado ana betri za mdomo wa zamani stoo. Ngige akaenda mbio. Kweli zilikuwapo, akaonyeshwa hata boksi, lakini wakala akakataa kuuza: kampuni imeagiza zote zirudishwe. Labda afisa wa malalamiko ya wanunuzi amwamuru.

Afisa huyo, Bwana Rotich, alimsikiliza huku akivuta droo moja baada ya nyingine. Simu yake ilikuwa imezima na alikuwa akitafuta chaja.

"Hakuna sheria inayosema betri ziingiliane," akasema mwishowe.

"Na plagi, mkubwa? Plagi ya kampuni yoyote si inaingia kwa ukuta?"

"Plagi iko na sheria."

"Basi hata hii iwe nayo. Mpigie wakala tu, mkubwa. Kuna mtu anangoja kuzikwa."

"Hiyo ni mambo ya kamati. Andika barua, tutaituma Nairobi."

Karani akaingia na chaja. Pini yake ilikuwa nene, na simu ya Bwana Rotich ilitaka nyembamba. Afisa akamtazama Ngige, akamuuliza kama kwa bahati anayo. Ngige alitoka akiwa na hasira iliyomfanya asahau kuaga, yeye aliyelelewa na mama anayechapa watoto wasioaga wakubwa.

Alipofika bomani kwa akina Wabwile, waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi migombani. Mzee Wabwile, baba mkubwa wa marehemu, alimpokea langoni. Aliongea polepole, bila kugomba, na hilo lilimtisha Ngige zaidi.

"Fundi, paa kama haijaisha, kijana wetu atalala nje ya boma. Mimi siwezi badilisha hiyo."

Ngige akaomba betri ya gari, ile ambayo boma lisilo na stima huwashia televisheni. Ikaletwa. Akaing'oa betri mfu kwenye drili, akaunganisha nyaya mbili moja kwa moja na vyuma vya ndani, na drili ikanguruma. Watu wakapiga makofi. Betri ya gari ni kitu kizito kisicho na maringo. Haiulizi kifaa kimetoka kampuni gani. Akapanda nayo juu, akafunga bati moja, akafunga la pili, akaanza kuamini.

Drili ikaanza kulegea. Ngige akauliza betri ilichajiwa lini. Vijana wakatazamana. Betri hiyo ndiyo iliyopigisha muziki wa matanga usiku kucha, na hakuna aliyefikiria kusema.

Ikazima kabisa bati la mwisho likiwa halijashika popote. Mtu akatumwa Sirisia kuleta waya wa kufungia. Kabla hajarudi, gari la maiti likakunja kona, na matone ya kwanza yakaanguka.

Mzee Wabwile akasimama langoni, akiwa amezuia gari kwa mkono ulioinuliwa, macho yake yakiwa juu. Upepo uliinua bati. Ngige akalilalia kifudifudi, akalikumbatia, vidole vikiwa vimeshika chuma upande wa pili, ukingo wa bati ukimkata mikono. Kutoka chini paa lilionekana zima. Mzee akashusha mkono.

Jeneza likaingia. Mvua ikamwagika kwa nguvu juu ya mgongo wa Ngige, na chini yake akasikia nyimbo, kisha kilio, kisha sauti ya mama wa marehemu, karibu kabisa, upande wa pili wa bati.

"Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama," Ngige akajibu, na hakusogea.