Fundo la Casimir

Casimir alikuwa ameketi kizingitini, nyumba ya pili kutoka barabara ya Mboko, miguu ndani ya beseni. Vifundo vyote viwili vilikuwa vimevimba kama mihogo iliyolala majini, tena vya moto, hata maji yakachemka kidogo. Mkewe Godelieve aliyachota akaoshea sahani, yasipotee bure. Kwenye miundi vilianza kutokea vinundu vigumu. Casimir alitaka jambo moja tu: ruhusa ya kutokwenda kwenye pamba ya Leta, yaani ya Serikali, mpaka aweze kusimama.

Kapita Useni, aliyesimamia pamba hiyo ya lazima, alifika na fimbo yake kuuliza kwa nini majani yameshinda shamba.

“Kapita, niko na fundo,” Casimir alisema kwa adabu. “Mbili.”

Kapita alikuwa na masikio ya kuchagua. Kwake mwenye fundo ni mwenye kinyongo.

“Fundo na nani? Na Leta?”

“Ni miguu, kapita.”

“Aa. Sasa hata miguu yako inagombana na Leta.”

Akamwongezea mistari ya kupalilia, ili fundo lifunguke.

Huko mjini Baraka, Norbert, muuguzi wa zahanati, alibonyeza vifundo, akampa mafuta ya kuchua. Casimir alipotaja kikohozi kikavu kilichoanza kumkaba, Norbert alimkumbusha kwamba amekuja kwa ajili ya miguu. Kifua akilete siku nyingine.

Jumapili, watu wakitoka misa, vinundu vilipasuka. Pamba ikachomoza, nyeupe, ndefu, haina mdudu. Godelieve alivuta kidogo akatengeneza utambi wa taa, akanung'unika kwamba afadhali ingekuwa maharagwe. Majirani walisema Casimir ameilima miaka yote hiyo, ilikuwa lazima itokee mahali. Kapita alikuja na kikapu, akavuna kwa mkono mwepesi, akaisifu kuliko ya wilaya nzima. Shamba lake la zamani, la kule juu, halikufutwa. Casimir sasa alihesabiwa kuwa na mashamba mawili.

Alilima kwa magoti. Kisha kikohozi kikaanza kutoa nyuzi nyeupe.

Godelieve alikwenda mwenyewe kwa kapita.

“Kapita, miguu ilisema mbele, hamukusikia. Sasa ni kifua ndiyo inasema. Umuache apumuzike.”

Kapita hakuwa mtu mbaya wa kukataa kuangalia. Alikwenda, akaweka sikio kwenye kifua cha Casimir, jambo ambalo Norbert hakulifanya, akasikiliza kwa muda mrefu. Ndani mlikuwa na mchakacho wa shamba lililokomaa, upepo ukipita.

“Bado kidogo,” alimwambia Godelieve. “Umuwekee kikapu safi pembeni ya kitanda. Na asichanganye na mate. Pamba ya maji wanaitupa.”

Godelieve aliosha kikapu, akakianika juani. Casimir akajifunza kumeza mate kwanza, ndipo akohoe.