Picha Juu ya Linki

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, msimamizi wa jengo alituma kwenye kundi la wapangaji linki ya ratiba ya maji, na kwenye kisanduku cha picha juu yake akaonekana fundi wa lifti, aliyezikwa mwezi uliopita. Alikuwa amesimama chini kabisa ya shimo la lifti, amevaa ovaroli, anatazama juu.

Waliobofya walipata ratiba ya maji kama kawaida.

"Msimamizi, picha siyo," aliandika mshonaji wa ghorofa ya nne. "Ila marehemu katoka vizuri."

Msimamizi aliifuta, akaituma upya. Fundi alikuwa amepanda hadi ghorofa ya kwanza.

Akamwita Kipara, mtengeneza simu wa ghorofa ya tatu. Kipara alisafisha kumbukumbu ya programu, akaizima simu, akaiwasha, akajaribu linki ya habari za michezo. Fundi alifika ghorofa ya pili. Kipara akaituma linki hiyohiyo kwa simu yake mwenyewe, wakatokea wachezaji.

"Simu yako nzima, mzee," alisema. "Programu inaingia kwenye ukurasa, inachukua picha iliyopo, inakuletea. Hii haikuitoa kwenye ukurasa."

"Imeitoa wapi?"

"Hapo umenizidi. Mimi natengeneza simu tu."

Kisa cha kifo kilijulikana jengo zima. Mafundi wa lifti wana desturi moja: anayeshuka shimoni huzima umeme na kutundika kibao kwenye swichi, na kibao hicho hakiondolewi ila na mkono uliokitundika. Siku ile msimamizi aliletewa friji mpya, na wabebaji wakagoma kupanda ngazi hadi kwake, ghorofa ya saba. Alikiondoa kibao, akawasha, na lifti ikamshukia fundi aliyekuwa bado shimoni. Bawabu alimwona. Kwenye taarifa ya ajali msimamizi aliandika kwamba fundi hakuzima umeme, na bawabu, ambaye ana watoto wa kulea, akatia sahihi.

Mke wa fundi, mpangaji wa ghorofa ya pili, hakupiga kelele. Kila asubuhi aliandika kwenye kundi: "Msimamizi, shikamoo. Naomba linki ya ratiba." Kutuma ratiba ilikuwa kazi ya msimamizi, naye alituma. Fundi akawa anapanda.

"Leo yuko kwetu," aliandika mshonaji zamu ya ghorofa yake ilipofika. "Nimeacha mlango wazi, huenda ana kiu."

Kipara aliweka dole gumba.

Fundi alipofika ghorofa ya sita, msimamizi alishuka kwa miguu hadi kwa mjane. Hakukaribishwa kiti.

"Shemeji, nakuomba. Mwambie mumeo aniache."

"Andika kwenye kundi nani aliondoa kibao. Mstari mmoja tu. Atashuka."

"Nikiandika nafungwa."

"Ndiyo."

"Na wanangu?"

"Watacheza na wangu."

Msimamizi alipanda ngazi kurudi kwake.

Jumamosi wapangaji walikutana ukumbini ili kuipigia kura taarifa ya ajali. Wenye jengo walikuwa wameshaeleza kwamba ikikataliwa, fidia ya mjane itaongezwa kwenye kodi ya kila nyumba. Msimamizi alituma linki ya taarifa ili kila mtu aisome kwenye simu yake. Picha juu yake ilionyesha sebule ya msimamizi, na fundi ameketi kwenye kochi, mikono yenye grisi juu ya magoti. Wapangaji waliitazama, wakabofya, wakasoma kwamba fundi hakuzima umeme.

"Kochi zuri," alisema mshonaji. "Ngozi hiyo?"

"Ya bandia," alisema Kipara.

Wote wawili walinyoosha mikono kuunga mkono. Taarifa ilipita kwa kura zote isipokuwa moja, msimamizi akawashukuru wajumbe, na watu wakaanza kupanga viti ukutani.

Mke wa fundi alibaki amekaa. Alitoa simu, akaandika kwenye kundi: "Asante kwa kikao, msimamizi. Naomba na linki ya ratiba ya kesho."

Msimamizi alimtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kisha akatuma.

Picha ilionyesha chumba chake cha kulala. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anavua buti.